Tumpe Msomaji Kitabu Gani Kwanza?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo wanafunzi wapya wa Kiswahili hutufuata ofisini na swali moja: "Mwalimu, nianze na kitabu gani?" Ni swali jema, na kwa muda mrefu tumelijibu vibaya. Tumekuwa tukitoa karatasi ile ile yenye majina makubwa: Shaaban Robert juu kabisa, Kezilahabi, Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed, kisha tunamwelekeza mwanafunzi maktaba. Waandishi hao wote wanastahili kuwamo. Lakini ile ni orodha ya heshima. Inamwambia mwanafunzi nani ni mkubwa. Haimwambii aanzie wapi, wala ni kitabu kipi kilichotufanya sisi wenyewe tusahau chakula jikoni.

Tukiri kosa letu moja waziwazi. Mwaka mmoja tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasome Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990). Sababu zetu zilikuwa za kiofisi zaidi kuliko za kifasihi: kitabu ni chembamba, mwandishi ni mashuhuri, na muhula ulikuwa mfupi. Baada ya wiki tatu darasa lilikuwa limenyamaza kama msiba. Nagona inamfuata mtu anayesaka kweli katika mandhari yasiyo na ramani, wanafikra wa Ulaya wanajitokeza humo na kupotea, na wakati wenyewe hauaminiki. Msomaji aliyemaliza kujifunza ngeli juzi hana pa kukanyaga. Kijana mmoja kutoka Mbarara alituuliza, kwa adabu sana, kama nakala yake ilikuwa imepoteza kurasa. Wenzake hawakuuliza kitu. Walifanya walichozoea kufanya sekondari, yaani walikwenda kutafuta mwongozo.

Hapo ndipo penye kidonda. Miongozo ya vitabu teule imekuwa mingi kuliko vitabu vyenyewe. Mwanafunzi anafika chuo kikuu akiwa na uwezo wa kutaja dhamira tano za riwaya ambayo hajaifungua hata siku moja. Anajua kwamba mhusika fulani ni "mhusika bapa" na hajui mhusika huyo alikuwa akisema nini. Tusiwalaumu waandishi wa miongozo peke yao. Sisi walimu tulioshika fani kwa mkono mmoja na maudhui kwa mkono mwingine, tukauliza mtihani ule ule kila mwaka, ndio tuliofungua soko hilo. Na wanafunzi hawa ndio walimu wa kesho. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri hapa Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nani atakwenda kulifundisha? Mwalimu asiyewahi kupenda kitabu kimoja cha Kiswahili atafundisha mwongozo, na darasa lake litajua.

Kwa hiyo tumebadili jibu letu. Sasa tukiulizwa tunataja kitabu kimoja tu, na tunasema kwa nini. Kitabu hicho ni Rosa Mistika, cha Kezilahabi yule yule, kilichotolewa mwaka 1971.

Sababu ya kwanza ni ziwa. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, na Namagondo ndiko anakoiweka nyumba ya Zakaria na Regina, wazazi wa Rosa. Ukerewe imo ndani ya ziwa hili hili ambalo Waganda huliita Nalubaale. Mwanafunzi wa kutoka Kalangala hahitaji kuelezwa maisha ya kisiwani yalivyo. Tumezoea kumpeleka msomaji wetu moja kwa moja hadi Unguja, kwenye majahazi na mabaraza ambayo hajayaona, kisha tunashangaa kwamba anasoma kama mtu anayetazama nyumba ya watu kupitia dirishani. Huku anaingia kwa mlango.

Hata jina la kitabu linamsubiri. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania, na mwanafunzi yeyote aliyelelewa katika parokia ya Kikatoliki hapa kwetu analitambua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Anapoona kwamba msichana aliyepewa jina hilo anapigwa na baba mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, uchungu wa jina lenyewe anaupata bila mhadhara wetu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi kwetu. Lugha ya kwanza ya Kezilahabi ilikuwa Kikerewe, ndugu wa Kihaya na wa Kinyankore. Kiswahili alikikuta shuleni, kama wanafunzi wetu. Wengi wao wana wazazi wanaokikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Hata wale waliokipenda wanaamini kimoyomoyo kwamba Kiswahili kizuri ni mali ya watu wa pwani na kwamba wao watabaki wapangaji. Wakisoma sentensi za Rosa Mistika, fupi, kavu, zisizojipamba, wanakutana na mtu wa bara aliyekichukua Kiswahili na kukifanyia kazi yake bila kuomba radhi. Mwaka mmoja mwanafunzi alisoma aya moja kwa sauti, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii hata mimi ningeweza kuiandika." Hakuweza, bila shaka. Lakini hatukumpinga, maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kutuambia hivyo kuhusu Kusadikika.

Hatusemi kwamba kitabu hakina dosari. Msimulizi anapenda kuingilia kati na kutoa mawaidha pale ambapo tukio lenyewe limekwisha kusema. Na kuna jambo linalotusumbua zaidi kila tunapokirudia. Kezilahabi anaonyesha wazi kwamba malezi ya fimbo ya Zakaria ndiyo yaliyomtupa Rosa asikokujua. Msichana aliyefungiwa asizungumze na mwanamume yeyote anafika chuoni hana kinga wala busara ya kujichunga. Hoja hiyo tunaikubali. Lakini adhabu yote inamwangukia Rosa. Wanaume wanaompitia wanaendelea na maisha, na yule aliyetaka kumwoa anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa ndiye anayejiua. Je, mwandishi anaishutumu jamii kwa kumuua, au naye amekubali kwamba binti wa namna hiyo hana njia nyingine? Tumeusoma mwisho ule mara nyingi na bado tunaona mwandishi anamharakisha kwenda kaburini. Mwenzetu mmoja katika idara anasema tunakosea, kwamba haraka ile ndiyo hasa tuhuma. Darasani wasichana hugawanyika makundi mawili, na saa ya kipindi huisha bila mtu kutaja neno "dhamira".

Riwaya hii ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania baada ya kutoka, kwa jinsi ilivyozungumza wazi juu ya mapenzi. Tukiwaeleza wanafunzi habari hiyo, nakala huisha maktaba jioni ile ile. Hatujapata hotuba yenye nguvu kama hiyo.

Baada ya Rosa, njia zinagawanyika, na hapo tunamsikiliza msomaji. Anayependa safari na kutafuta asili yake tunampa Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumsaka baba yake. Lugha imenakshiwa sana, pengine kupita kiasi, lakini kijana husamehe. Anayependa upelelezi tulikuwa tukimkimbiza kwa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na sasa tunamwambia asubiri kidogo. Raha ya Muhammed Said Abdulla imo katika mazungumzo ya Kiunguja, na asiyeyasikia sikioni anabaki na fumbo la mauaji tu. Mlango bora wa kuingilia Unguja, kwa maoni yetu, ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anakimbia ndoa hiyo na kujikuta karibu na Denge na wenzake wanaoupinga ukoloni. Msomaji anajifunza mji pamoja naye, kwa kuwa Yasmin naye ni mgeni katika mitaa ya Waswahili. Waliotazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 wasidhani wamekwisha kusoma.

Kimoja tunakitaja kwa huzuni: Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa ya mwaka 1975. Shairi la Okot p'Bitek ni letu, limezaliwa katika Kiacholi, na wanafunzi wetu wa Gulu na Kitgum wangeweza kuliweka Kiswahili chake kando ya lugha ya mama zao na kutuambia wapi mfasiri amefaulu na wapi ameteleza. Kazi hiyo sisi hatuwezi kuifanya kwa niaba yao. Lakini nakala ya tafsiri hiyo ni adimu madukani, na tunaomba yeyote mwenye nayo nyumbani aikopeshe idara kwa muhula mmoja, tutaitunza.

Tunawaomba pia walimu wenzetu watuletee, kwa toleo lijalo, jina la kitabu kimoja na aya moja ya kueleza kwa nini. Kimoja tu, na kiwe kile mlichokesha nacho. Wanaotafuta Rosa Mistika wavute subira: nakala ya ofisini iko kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na hii ni wiki ya sita anatuambia amebakiza kurasa chache.