Kituo cha michezo Kondoa: fedha za kujenga na fedha za kutunza

Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete alifungua kituo cha michezo ya vijana Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, kinachojulikana hadi leo kama JMK Park. Wanaotaka kituo cha namna hiyo Kondoa waangalie fedha zake zilivyopatikana kabla hawajatamani nyasi zake.

Eneo lilikuwa kiwanja cha wazi katikati ya jiji. Fedha zilitoka Symbion Power, kampuni iliyokuwa ikizalisha umeme Ubungo. Utaalamu wa kufundisha vijana uliletwa na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Mkuu wa Symbion, Paul Hinks, asili yake ni Sunderland, kwa hiyo mapenzi ya mpira na biashara ya umeme vilikutana mahali pamoja. Miaka michache baadaye Symbion ilikuwa kwenye mgogoro wa mkataba na TANESCO uliomalizika mwaka 2021, na Sunderland ilishuka daraja mara mbili mfululizo, 2017 na 2018. Kwangu hapo ndipo penye funzo. Fedha za mfadhili zinafaa kununulia kitu cha mara moja: nguzo za taa, uzio, nyasi. Ukizitegemea kulipa mlinzi na maji ya kila mwezi, mambo ya mfadhili yakiyumba na kituo kinayumba.

Njia ya zamani zaidi ilikuwa michango. Jamhuri ya Dodoma, Kirumba ya Mwanza na Sokoine ya Mbeya ni viwanja vya enzi ya chama kimoja, wananchi walipochanga fedha na nguvu zao. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, viwanja vilibaki mali ya CCM. Ndiyo maana nasisitiza hati miliki itangulie mfuko wa kwanza wa saruji, na iandikwe jina la halmashauri, kiwanja kisije kikaleta ugomvi wajukuu watakaposhindwa kukumbuka nani alichanga nini.

Kondoa michango si jambo geni. Wananchi wanapandisha boma la darasa au zahanati, halmashauri inapaua. Utaratibu huo unafaa kwa vyumba vya kubadilishia nguo na vyoo. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, nao unaweza kuchochea kazi ambayo wananchi wameshaianza. Ila ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 kati yake ni ya vijana, isihesabiwe kwenye ujenzi. Ule ni mkopo usio na riba unaorejeshwa, na kiwanja hakirejeshi mkopo. Kikundi cha vijana kinaweza kukopa kikafyatua tofali na kuiuzia kamati ya ujenzi. Hapo fedha inarudi na ukuta unasimama. Msamaha wa VAT wa nyasi bandia uliotangazwa kwenye bajeti ya mwaka 2021, kwa upande wake, ulilenga viwanja vya majiji, na Kondoa ni mji.

Hata hivyo nyasi bandia si za kukimbilia. Huchakaa baada ya miaka kama kumi, na gharama ya kuzibadilisha inawakuta waliozizindua wameshaondoka madarakani.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni udongo. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yanaila Kondoa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa ili ardhi ipone. Kiwanja kipya ni kipande kikubwa cha ardhi kilichokwanguliwa. Chukua mita 105 kwa 68: mvua ya milimita 10 tu inakimwagia lita 71,400. Bila mteremko uliopimwa, mitaro ya mawe na makingamaji, msimu mmoja unatosha kuchimba korongo kutoka kona hadi kwenye goli. Maji hayohayo yakielekezwa kwenye lambo au tangi yatamwagilia nyasi za kawaida kiangazi kinapoanza, nazo gharama yake mji unaimudu.

Kwa hiyo bajeti ya kituo hiki ningeianza na mpima ardhi, mitaro na tangi, kisha mshahara wa mtunza kiwanja ulioingizwa kwenye matumizi ya kawaida ya halmashauri na kupitishwa na baraza la madiwani kila mwaka. Jukwaa linaweza kusubiri. Vijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hawahitaji kivuli cha wageni rasmi ili wacheze.