Mkokoteni wa Efren: tupige makofi, lakini tuulize pia



Kila mara vijana wanapokaa kuandika mradi wa ASBL ya kusaidia watoto, lazima mmoja atamtaja Efren Peñaflorida wa Ufilipino. Ni mfano mzuri, mimi sikatai. Lakini naona tunausoma vibaya, juu tumeupokea vile televisheni ilivyoupika: kijana mmoja, maskini, akashinda, dunia ikapiga makofi. Leo nataka tuipekue hadithi hiyo polepole.

Kwanza mambo yenyewe. Mwaka 1997, katika mji wa Cavite karibu na Manila, Efren alikuwa na miaka 16. Yeye na wenzake wa sekondari wakaanzisha kikundi, Dynamic Teen Company, ili vijana wa mtaa wapate kazi ya maana kuliko kuingia katika magenge. Baadaye wakachukua kariton, ule mkokoteni ambao maskini wa huko wanausukuma wakiokota vyuma na chupa, wakaujaza vitabu, ubao, kalamu, meza na viti. Siku ya posho wanausukuma mpaka makaburini na kwenye jalala, kule watoto wanashinda, na wanafundisha hapo hapo. Mwaka 2009 CNN ikamchagua Efren kuwa Shujaa wa Mwaka, na dola 100,000 zikatolewa kwa kazi hiyo.

Sasa fanya hesabu pamoja na mimi. Kutoka 1997 mpaka 2009 ni miaka 12. Televisheni inaonyesha dakika chache. Posho zote za miaka ile hazionekani. Hazionekani pia vitu vya mikono ambavyo vijana wale walitengeneza na kuuza, wala takataka walizokusanya ziuzwe tena, ili kazi isimame. Sisi tunaanza na logo, muhuri na barua kwa mfadhili. Mfadhili akikawia miezi sita, komite inavunjika. Njo maana nasema hadithi ya shujaa mmoja inatudanganya. Inaficha kikundi, na inaficha muda.

Jambo ambalo mimi nalisifu zaidi ya tuzo ni mkokoteni wenyewe. Wangeweza kukodi chumba kizuri na kungoja watoto waje. Lakini mtoto wa jalala anaogopa geti la shule: nguo zake zinanuka, umri umepita darasa, wenzake watamcheka. Kariton anaijua toka utoto, ni chombo cha kazi ya baba yake. Kitu kilichobeba takataka kikabeba vitabu, na mtoto hakuhitaji kuona haya ili akikaribie. Huo ni ufahamu wa mahali, na haupatikani katika formasio ya siku tatu ndani ya hoteli.

Lakini hapo pia ndipo ninaanza kuuliza. Katiba ya Ufilipino ya 1987 inasema shule ya serikali ni bure, msingi na sekondari. Basi kwa nini mtoto yuko makaburini siku ya shule? Juu bure ya mlangoni hailipi nguo, njia, chakula, wala ile pesa kidogo ambayo mtoto angeokota siku hiyo. Sisi wa Kongo, toka gratuité ya 2019, hatuhitaji kuelezwa mambo hayo. Na hata yule aliye ndani ya darasa hajaokoka: katika mtihani wa PISA wa 2018, Ufilipino ilikuwa ya mwisho katika kusoma, kati ya nchi zaidi ya 70. Shida kama hiyo, bana, hakuna mkokoteni unaoweza kuibeba.

Baadaye idara za serikali ya kule zikachukua mfano wa kariton kwa watoto wa barabarani. Ni heshima kubwa kwa vijana wale. Ila mimi naiona na jicho la pili: serikali inayosukuma mkokoteni inaweza kusahau kwamba deni lake ni shule. Mkokoteni ni daraja. Mtu hajengi nyumba juu ya daraja.

Kuna mtoto mwingine wa Cavite ambaye habari yake inanigusa na kunisumbua pamoja: Kesz Valdez. Aliishi katika jalala, akaungua moto, watu wa mzunguko ule ule wa Efren wakamsaidia. Alipofikisha miaka 7 akaanza kugawa zawadi kwa watoto wengine, ndara kwanza, juu miguu mitupu kwenye takataka ni kidonda kila siku. Mwaka 2012, akiwa na miaka 13, alipokea Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto mjini The Hague, mkononi mwa Desmond Tutu.

Kwangu huyo ni ushahidi mkubwa kuliko dola 100,000: aliyesaidiwa akageuka mwenye kusaidia. Lakini ili dunia impe tuzo, ilibidi isikie kwanza vidonda vyake. Mtoto wa miaka 13 anayezunguka na hadithi ya kuungua kwake, nani atamlinda siku itakapomchosha? Na sisi tunafanya vile vile kwa kiasi chetu: mtoto anashikishwa daftari mbele ya bendera ya ASBL, foto inapigwa, inatumwa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka mtaa wote ujue kwamba hana minerval.

Kwa hiyo tukimtaja tena Efren, tutaje yote: miaka 12, wenzake, pesa ya vitu vya mikono. Na raporo zetu ziache kuhesabu madaftari yaliyogawiwa ao watu waliokuja kwenye sherehe. Ziseme watoto wangapi waliingia shuleni kwa sababu yetu, wako darasa gani, na mwaka uliofuata ni wangapi bado wako. Kama hatuwezi kujibu hilo, tulichoanzisha si kariton. Ni foto tu.