Tajiri wa Babiloni hakungojea mvua

Wenzangu wa lisansi, kitabu cha George S. Clason, kile tunachosoma kwa Kifaransa kama L'homme le plus riche de Babylone, kimezunguka katika magrupu yetu karibu yote. Kijana akipata tu kazi ya kwanza, rafiki anamutumia PDF. Hata watu wanaofundisha akiba katika vijiji wanachota humo masimulizi yao. Ninapenda njia hiyo, juu mutu anaweza kulala katika somo la ekonomi politiki lakini hadithi inamubakia kichwani. Shida ni kwamba hadithi iko na mambo inayoonyesha na mengine inayoficha. Hii ya Babiloni inaficha mambo mawili ambayo mutu wa shamba hawezi kuruka: bei na mvua.

Tuanze na kile kilicho kizuri. Arkad alikuwa mwandishi wa vibao vya udongo, maskini kabisa. Muzee mukopeshaji, jina lake Algamish, akamufundisha kuweka pembeni sehemu moja ya kumi ya kila anachopata. Mwaka wa kwanza Arkad akaweka kweli, kisha akampa zile franga Azmur, mufyatua matofali, aende kumununulia vito kwa Wafoinike. Azmur akarudi na vipande vya chupa. Algamish anauliza tu: kwa nini umemwamini mutu wa matofali kwa mambo ya vito? Hapo kitabu kinashinda kurasa nyingi za nota zetu. Kila promosyo iko na Azmur wake. Mutu anajua kuuza simu, tunamuchangia franga za kufuga kuku, halafu Newcastle inamaliza kuku wote mbele ya mwezi wa pili, na hakuna aliyeuliza habari ya chanjo. Bindo Promotion ya Kinshasa, ile iliyoahidi watu kuzidisha franga zao kisha ikaanguka mwaka 1991, ingekuwa sura nzuri sana ya kitabu hicho. Juu ya onyo kuhusu faida isiyowezekana, Clason anasema kweli na anaisema wazi.

Lakini tuangalie aliandikia nani. Masimulizi haya yalianza kutoka mwaka 1926, Marekani, kama vitabu vidogo, na mabenki na makampuni ya asiransi yaligawa vingi sana kwa watu. Kwa hiyo musomaji wake wa kwanza ni mutu wa mushahara, anayelipwa tarehe inayojulikana, na ambaye benki inamutaka alete akiba yake. Hakuna ubaya. Ila ndiyo maana katika Babiloni yake dhahabu ya leo ni dhahabu ya kesho. Arkad anahesabu tu, na hesabu inakua. Hakuna siku anaamuka na kukuta vipande vyake kumi vinanunua mukate mumoja.

Sisi tuko na hadithi nyingine, na haiko ya kubuni. Zaire ilipotoka mwaka 1967, zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Mwezi wa 10 wa mwaka 1993 wakaleta zaire mupya: moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai wakaikataa, wakaendelea kutumia zaire za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu 9.800 kwa mia. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998, franga ya sasa ikachukua nafasi: franga moja kwa zaire mupya 100.000. Fanyeni hesabu. Zaire za zamani bilioni 300 ziligeuka kuwa franga moja, ambayo leo mutoto hawezi kununua nayo hata bomboni. Mutu ambaye angefuata Arkad neno kwa neno toka 1967, sehemu moja ya kumi kila mwezi katika noti, mwisho wake ni hapo. Hakukosa nidhamu hata kidogo.

Mwalimu akifundisha akiba kwetu bila kusimulia habari ya zaire, anafundisha nusu. Na habari hiyo haiombi maneno makubwa. Chukueni likelemba ya watu kumi. Bei zikitulia, wa kwanza na wa kumi wanapata sawa, tofauti ni kungojea tu. Bei zikipanda kila mwezi, wa kumi anapokea hesabu ile ile ya franga lakini gunia lile lile haliwezi tena. Mama yeyote wa soko anaelewa hapo maana ya kushuka kwa thamani ya franga, bila kuchora kurba yoyote. Na vile anaelewa kwa nini wengi wanapendelea kuhesabu likelemba kwa dola.

Sasa mvua. Mulimaji wa Walungu au wa Kabare anapanda maharagi ya musimu A mwezi wa 9, anavuna kuelekea Januari. Franga zinaingia mara moja, tena wakati kila mutu anauza na bei iko chini. Ukimwambia aweke sehemu moja ya kumi kila mwezi, atakuuliza: ya nini? Mwezi wa 10 na wa 11 hakuna kitu. Na kusema kweli yeye amekwisha kuweka akiba mbele yako: mbegu. Ile debe ambayo hailiwi hata watoto wakilala njaa, ndiyo akiba ya zamani kuliko benki zote. Gunia analofungia kwa miezi miwili mitatu mpaka bei ipande, ile tofauti ya bei ndiyo faida yake, na hatari yake ni wadudu wanaotoboa maharagi. Gunia lisilopitisha hewa kwake ni asiransi. Humo muna somo zima la ekonomi: kungojea kuko na bei, kuhifadhi kuko na gharama, mwenye haraka anauza rahisi. Clason angeandika hadithi nzuri sana juu ya gunia hilo. Hakuliona, juu matajiri wake wote wanakaa ndani ya kuta za muji.

Na hapa ndipo ninamudai zaidi, maana Babiloni ya kweli ililiona. Jiwe la sheria za Hammurabi, lililopatikana Susa mwaka 1901 na ambalo liko Paris katika Louvre, linajua kabisa mulimaji ni nani. Faida ya mukopo wa shayiri ni sehemu moja ya tatu, ya feza ni sehemu moja ya tano. Ni nyingi, hakuna kubisha. Lakini sheria ya 48 inasema kwamba kama mwenye deni shamba lake limebebwa na mafuriko, ao nafaka haikuota juu maji yalikosa, mwaka ule halipi mukopeshaji nafaka. Kibao cha deni kinaloweshwa maji, na faida ya mwaka ule haihesabiwi. Karibu miaka 3.800 iliyopita, watu walikwisha kujua kama hasara ya mvua haiwezi kubebwa na mulimaji peke yake.

Wekeni hiyo pembeni ya Dabasir, mufanya biashara ya ngamia katika kitabu. Madeni yanamupeleka mpaka utumwani, na anatoka siku anapoamua kuwa na roho ya mutu huru. Anarudi, anaishi na sehemu saba za kumi, mbili analipa madeni, moja anaweka. Mupango huo ni mzuri, ninaweza kuupendekeza kwa mutu yeyote wa mushahara. Lakini kwa Hammurabi, sheria ya 117, muke ao mutoto aliyetolewa juu ya deni anatumika miaka mitatu, mwaka wa nne anaachiliwa. Hakuna anayepima roho yake kwanza. Clason alichukua vibao na ngamia vya Babiloni, akaacha sheria zake. Matokeo yake, kila maskini ndani ya kitabu ni maskini juu ya tabia yake. Ukisoma hivyo mbele ya watu ambao mosaïque imemaliza mihogo yao, unawaambia nini?

Clason mwenyewe alikuwa na kampuni ya ramani kule Denver, ya kwanza kutoa kitabu cha ramani za barabara za Marekani na Kanada. Mugogoro mukubwa ulioanza mwaka 1929 uliimaliza. Sura hiyo angeiandika pia, mimi ningeisoma kwa hamu.

Kwa wale wanaofundisha vikundi vya AVEC, ombi langu ni dogo. Musitupe kitabu. Someni Azmur siku ya kwanza, watu watacheka na watashika. Siku ya pili someni sheria ya 48, kisha muulize kikundi: kwa statuti yetu sisi, mwanamemba akipoteza musimu mzima kwa mvua ya mawe, faida ya mukopo wake inaendelea kuhesabiwa ao inasimama? Na kama inasimama, hasara tunaigawanya namna gani? Acheni wabishane mpaka jioni.