Kumbukumbu ya Panya Ilivyoamshwa kwa Mwanga

Kumbukumbu ya muda mrefu hukaa ubongoni kama mabadiliko katika seli za neva na katika maungio yake, yaani sinapsi. Tukio linapotokea, kundi dogo la seli huchangamka kwa pamoja, na uhusiano baina yake hukolea. Baadaye dalili ndogo tu, kama harufu au sauti, ikiliamsha kundi hilohilo, tukio hurudi akilini. Mwaka 1904 mwanazuoni wa Kijerumani Richard Semon aliyapa mabadiliko hayo jina la engramu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mpaka watafiti wakaweza kuishika engramu na kuiamsha watakavyo.

Mmarekani Karl Lashley aliitafuta kwa kisu. Aliwafundisha panya kupita katika vichochoro vya maabara, kisha akakata vipande vya gamba la ubongo, leo hapa, kesho pale. Panya walizorota kadiri kipande kilivyokuwa kikubwa, lakini hakikupatikana kipande kimoja ambacho kikiondolewa kumbukumbu nayo inakwenda. Mwaka 1950 alikiri kwamba hakuiona. Kosa halikuwa la mikono yake: alikuwa akitafuta ghala, na kumbukumbu ni mtandao wa seli zilizotawanyika.

Fununu kubwa ilitoka kwa mgonjwa. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa, akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili za ubongo. Kifafa kilipungua. Lakini kuanzia hapo Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya, na mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alibaki mgeni machoni pake kila walipokutana. Mambo ya utotoni aliyakumbuka. Ikadhihirika kwamba hipokampasi ni ya lazima katika kuunda kumbukumbu, wakati kumbukumbu kongwe hutegemea zaidi sehemu nyingine.

Hatua ya uamuzi ilifikiwa mwaka 2012 katika maabara ya Susumu Tonegawa, katika chuo cha MIT, nchini Marekani. Xu Liu, Steve Ramirez na wenzao walikabili swali gumu: kati ya seli lukuki za hipokampasi ya panya, zitajulikanaje zile chache zilizobeba tukio moja? Walitumia jeni iitwayo c-fos, ambayo huamka seli inapofanya kazi kwa nguvu. Kwenye swichi ya jeni hiyo walifunga maelekezo ya kutengeneza protini ya mwani wa kijani, inayofungua milango ya seli ikipigwa na mwanga wa bluu. Maelekezo hayo yaliingizwa ubongoni kwa kubebwa na virusi. Mpango mzima ulidhibitiwa kwa doksisaiklini, antibayotiki inayofahamika vizuri katika maduka ya dawa: ikiwa ndani ya chakula cha panya, hakuna seli inayotiwa alama, ikiondolewa, kila seli itakayochangamka inajiandika yenyewe. Hapo ndipo penye ustadi wa jaribio zima, kwani watafiti hawakuhitaji kukisia seli zipi ni zipi.

Panya alizoeshwa kwanza sanduku la kwanza, dawa ikiwa chakulani. Kisha dawa ikaondolewa, akapelekwa sanduku la pili, na huko akapigwa shoti ya umeme miguuni. Dawa ikarudishwa, naye akarudishwa sanduku la kwanza, mahali ambapo hakuwahi kudhurika. Akazunguka na kunusanusa kama kawaida. Mwanga wa bluu ulipopita kwenye uzi mwembamba wa kioo uliopandikizwa kichwani, aliganda, akatulia tuli kama afanyavyo panya mwenye hofu. Ulipozimwa, akaendelea kutembea. Panya wengine, ambao seli zao zilitiwa alama katika sanduku lisilo na shoti, hawakuganda kwa mwanga ingawa nao walipigwa shoti mahali pengine. Kwa hiyo mwanga haukuzua hofu ya jumla, bali uliamsha tukio mahsusi.

Jaribio la mwaka 2015, likiongozwa na Tomás Ryan katika maabara hiyohiyo, lina uzito zaidi. Mara baada ya shoti, panya walidungwa anisomisini, dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Bila protini hizo sinapsi haziimariki, na kweli, kesho yake panya waliporudishwa kwenye sanduku la shoti walionekana wamesahau. Lakini mwanga ulipoziwasha seli zilizotiwa alama, wakaganda. Kumbukumbu ilikuwamo muda wote. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia. Ryan na wenzake walieleza kwamba tukio limehifadhiwa katika mpangilio wa seli ipi imeungana na ipi, na kwamba kuimarika kwa sinapsi ndiko kunakoiwezesha dalili ya kawaida kuliamsha kundi. Kuhifadhi na kukumbuka, basi, ni kazi mbili. Hata mtu aliyekwama kwa jina la mwalimu wake wa zamani, likawa mdomoni na lisitoke, hulipata jioni bila kulitafuta, na hawezi kusema lilikuwa limefutika.

Mwaka 2017 ilibainika pia kwamba seli za engramu huchaguliwa katika gamba la mbele la ubongo siku ileile ya tukio. Huko hubaki kimya, zikikomaa kwa takriban wiki mbili, huku zile za hipokampasi zikififia.

Mbinu hii inahitaji kubadilisha jeni na kupenyeza uzi ubongoni, hivyo haijawa tiba ya binadamu. Ila mwaka 2016 maabara ya Tonegawa iliijaribu kwa panya wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa Alzheimer, ambao siku moja tu baada ya shoti hawakuonyesha kuikumbuka. Mwanga uliirudisha kumbukumbu, lakini kwa muda uliowaka tu. Watafiti walipozichochea kwa kurudiarudia njia za neva zinazoingia kwenye seli hizo, vinundu vya sinapsi vilivyokuwa vimepungua viliota upya, na panya wakalikumbuka sanduku la shoti bila mwanga wowote.