Bado, Mwanangu

Dirisha limezibwa kwa kanga mbili, na upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Taa inayowaka ni moja tu, nyekundu, hafifu. Mzee huyu amepiga picha mjini Lindi tangu enzi za mikanda, na leo, kwa kuwa nimemwomba, anasafisha picha kwa mkono. Dawa ameletewa na mpwawe kutoka Dar es Salaam.

Anaanza na joto. Dawa inataka nyuzi 20, na pwani yetu haizijui nyuzi 20. Anaiweka trei ndani ya beseni la barafu, anachovya kipimajoto, anangoja. Baridi ikizidi, anaopoa vipande viwili vya barafu. Robo saa inapita hajagusa karatasi.

Negativu anaishika kingoni, anaipuliza vumbi, anaitia kwenye mashine ya kukuzia. Mezani unatokea Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mbingu nyeusi, vivuli vyeupe. Anakata ukanda mwembamba wa karatasi, anaufunika kwa kadi na kuisogeza kila baada ya sekunde 3, aone ni wapi picha imeiva. Anachagua sekunde 9.

Sasa karatasi nzima. Mwanga ukiwaka anapitisha kiganja chini yake, akikitikisa taratibu, kuyakinga matao yasizame katika weusi. Kiganja kikitulia, alama yake hubaki pichani. Hakikutulia hata kidogo.

Kisha trei ya kwanza. Anainua pembe yake, anaishusha, dawa inapita juu ya karatasi kama kijiwimbi. Karatasi nyeupe. Bado nyeupe. Halafu nguzo, matao, kuba. Nikadhani imekwisha.

“Bado, mwanangu. Weusi haujaja.”

Dakika 2 kamili. Trei ya pili huisimamisha dawa, ya tatu huikaza picha isiharibiwe na mwanga. Halafu maji, tena kwa muda mrefu, maana dawa ikisalia picha hugeuka njano.

Siku hizi riziki yake ni kamera ya dijitali na picha za pasipoti. Harusini, hata hivyo, bado hupiga kama mwenye mkanda wa picha 36: humngoja bibi harusi ainue macho, ndipo abonyeze. Usiku huzilaza negativu zake juu ya kioo chenye taa chini, akazipiga kwa kamera hiyohiyo, na kompyuta ikageuza weusi kuwa weupe. Kumi kwa usiku mmoja, hazizidi.

Kazi hiyo ina uzito. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalikaa kwenye orodha ya yaliyo hatarini tangu 2004 hadi 2014. Ukuta uliobomoka, kwenye negativu ungali umesimama. Kule Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilitunza picha zake, na sura za mji ule tunazo. Za Lindi na Kilwa nyingi zimo majumbani mwetu. Basi ukikuta negativu sandukuni mwa mama, usizitupe. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki, uziweke pakavu.