Jinsi Roboti Ilivyotolewa Ndani ya Uzio

Mwaka 2013 kiwanda cha BMW kilichoko Spartanburg, jimbo la South Carolina nchini Marekani, kiliweka mikono minne ya roboti kwenye sehemu ya kuunganisha milango ya magari ya X3. Haikuzungushiwa uzio. Wafanyakazi waliendelea na kazi palepale, bega kwa bega na mashine. Kwa kiwanda cha magari hilo lilikuwa jambo geni, kwani tangu roboti iitwayo Unimate ianze kazi General Motors mwaka 1961, desturi ilikuwa mashine ikae ndani ya uzio na mtu abaki nje.

Desturi hiyo haikuwa woga wa bure. Tarehe 25 Januari 1979, Robert Williams, mfanyakazi wa kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri, mkono wa mashine ukamgonga na kumuua. Mashine haikuwa na njia ya kujua kwamba mbele yake kuna mtu.

Waliofanikiwa Spartanburg walianza na kazi yenyewe, wakaja kwenye mashine baadaye. Ndani ya kila mlango hubandikwa karatasi ya plastiki yenye ukanda wa gundi, ya kuzuia unyevu na kelele. Zamani mfanyakazi aliiweka, kisha akaikandamiza kwa rola ya mkono, mlango baada ya mlango, zamu nzima. Kuiweka kunahitaji jicho na vidole, maana karatasi laini hujikunja. Kuikandamiza kunahitaji nguvu ileile kila mara, nayo ndiyo inayochosha kifundo cha mkono. Basi kazi ikagawanywa hapo: mtu aweke na kuigusisha tu, roboti ipitishe rola. Mikono ilikwenda polepole, katika eneo lililopangwa, na ilisimama mara moja vihisi vikigundua kizuizi.

Naupenda mgawanyo huu kwa sababu mbili. Ulimwondolea mfanyakazi sehemu inayoumiza, ukamwachia inayohitaji ujuzi wake. Pili, rola ni kifaa kisicho na makali. Hii ya pili ndiyo wanunuzi wengi huisahau. Mkono wenyewe unaweza kuwa mwepesi, kama UR5 ya kampuni ya Universal Robots ya Denmark, wenye uzito wa takribani kilo 18 na uwezo wa kubeba kilo 5. Ukiufunga kisu au bati lenye kingo kali, sifa zote za upole zimekwisha. Nguvu ileile ikikusanyika kwenye ncha ndogo hukata, ikitawanyika kwenye uso mpana husukuma tu.

Kusukuma kuna mpaka wake pia. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa waraka wa ISO/TS 15066, ukiwa na jedwali la viwango vya juu vya nguvu na shinikizo kwa kila sehemu ya mwili. Shinikizo linaloruhusiwa lilitokana na vipimo vya Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, ambako watu waliojitolea walibonyezwa sehemu mbalimbali hadi hisia ya mguso ilipogeuka kuwa maumivu. Kiganja au kidole kikibanwa, nguvu isizidi newtoni 140, karibu na uzito wa kilo 14. Kikigongwa kisha kikaachiwa, kikomo ni maradufu. Uso haubanwi kupita newtoni 65. Kichwa na uso, kugongwa kwake hakuna kiwango kinachokubalika kabisa. Kwa hiyo mtu anayeinama kuokota skrubu chini ya mkono unaotembea si suala la kupunguza kasi; mpangilio wa kituo chote cha kazi unapaswa kubadilishwa.

Ipo njia nyingine, ya kuifanya roboti isimame kabla ya kuguswa. Kwa hesabu za usalama mtu huhesabiwa kutembea mita 1.6 kwa sekunde. Mashine ikichukua nusu sekunde kumwona na kusimama, mtu huyo tayari amesogea sentimita 80, bado hatujaongeza mwendo wa mkono wenyewe. Karakana finyu hazina nafasi hiyo.

Toleo jipya la ISO 10218, kiwango cha usalama wa roboti za viwandani, lililotoka mwaka 2025, limefanya jambo la busara: linazungumzia matumizi shirikishi, yaani mtu na roboti kufanya kazi pamoja, badala ya roboti shirikishi. Hakuna mkono ulio salama ukiwa kwenye kreti yake. Usalama hupimwa mkono ukiwa umefungwa kifaa chake, umeshika mzigo wake, mbele ya meza yake, kwa kipimanguvu kinachowekwa pale ambapo kiganja kinaweza kubanwa. Na anayejua kiganja hupita wapi ni yule aliyeifanya kazi hiyo miaka yote. Yeye ndiye anayejua kwamba kipande kikikwama hukitoa kwa kidole bila kuzima mashine. Tathmini ya hatari iliyoandikwa bila yeye ina pengo palepale ajali itakapotokea.

Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamwajibisha mwajiri pia, si muuza mashine peke yake. Mwenye kiwanda anayeletewa mkono wa aina hii asiridhike na cheti cha mtengenezaji. Adai matokeo ya vipimo vilivyofanywa kwenye meza yake, na asisaini kabla mafundi wake hawajayasoma.