Liboke la Nanasi na Ndizi: Bengamisa Imenimaliza!

Ndugu zangu, wekeni vijiko chini. Keki isubiri, maandazi yasubiri, hata kaimati za shangazi zisubiri! Nimekula liboke la matunda kwenye moto wa kuni huko Bengamisa, kilomita kama 50 kaskazini mwa Kisangani, na tangu hapo kila kitamu kingine nakitazama kwa jicho la pembeni. Nanasi, ndizi mbivu, tangawizi kidogo, na juu yake maji ya kakao yaliyochemshwa yakawa mazito, yakamwagwa jani lilipofunguliwa tu. Siagi hakuna. Unga hakuna. Sukari ya dukani hakuna hata chembe, na bado utamu ulininyanyua kwenye kiti!

Kwa msomaji wa mbali: liboke ni chakula kinachofungwa kwenye majani mapana ya msituni na kuivishwa juu ya makaa. Kisangani hakuna asiyelijua. Hufungwa samaki, hufungwa nyama, hufungwa viwavi. Chumvi, pilipili, kitunguu, basi. Pembeni huwekwa lituma, ndizi iliyochemshwa na kutwangwa ikawa donge laini, na mtu wa Boyoma, yaani Kisangani, hana tena ugomvi na dunia. Lakini liboke tamu? Nilimuuliza mwenyeji wangu, mama mwenye shamba la kakao, kama ndivyo walivyokula wazee wake. Alicheka sana. Akasema matunda yalikuwepo, majani yalikuwepo, na moto wa samaki ulikuwa bado unawaka. Historia yote ya chakula hiki ndiyo hiyo, nami sihitaji zaidi.

Ukitoka Kisangani unavuka daraja la mto Tshopo, unashika Barabara ya Taifa namba 4 inayokwenda Banalia na Buta, na kuanzia hapo chakula kinakujia chenyewe. Baiskeli zinazosukumwa kuelekea mjini zimebeba mikungu ya ndizi mpaka humwoni anayesukuma. Nyingine zimejaa magunia ya makaa ya kupikia. Bengamisa iko katika teritwari ya Banalia, nchi ya Wamanga, juu kidogo tu ya mstari wa ikweta, kwa hiyo mvua na joto havipumziki. Kuna chuo cha kilimo, ISEA. Kuna pia jina ambalo wazee wa kilimo hawalisahau, CABEN, Cacaoyère de Bengamisa, kampuni ya serikali iliyolifanya eneo hili lijulikane kwa kakao. Kakao hiyo nitairudia, tena kwa kelele. Kwanza ndizi.

Mama aliweka za aina mbili. Ya kwanza ni ndizi ya kupika, hii ya lituma, lakini aliiacha mpaka ganda likawa jeusi tii. Mtu wa haraka angeitupa jalalani! Ndani yake wanga umegeuka sukari, na nyama bado ina msimamo, haimung'unyiki ikiguswa na moto. Ya pili ni fupi, ganda lake jembamba, tamu hata bila kupikwa: Yangambi Km 5. Jamani, ndizi hii ni mzaliwa wa jirani! Inabeba jina la kilomita ya tano ya kituo cha utafiti cha Yangambi, kule chini ya Kisangani ukifuata mto Kongo, kituo kilichokuwa makao ya INEAC, taasisi ya kilimo iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933. Kutoka hapo imesambazwa nchi nyingi za Afrika, kwa sababu inahimili ule ugonjwa wa sigatoka nyeusi unaokausha majani ya migomba mingine. Mimi niliijua kwa sifa za shambani. Kwenye moto sikuwahi kuiona, na kwenye moto inayeyuka kabisa, inakuwa ndiyo rojo linaloshikanisha kila kitu kingine.

Na msidhani hizi ndizi za kupika ni jambo dogo. Bonde la Kongo lina aina zake nyingi mno, kuliko karibu popote duniani. Mtaalamu wa migomba Edmond De Langhe alichapisha uainishaji wa aina hizo mwaka 1961 baada ya kuzichunguza huku huku, na Chuo Kikuu cha Kisangani kinatunza shamba lenye aina hizo ili zisipotee. Wao wanazihifadhi, sisi tunazila; kila mtu na wito wake.

Sasa nanasi, maana hapa ndipo penye akili ya mpishi. Halikuingia moja kwa moja kwenye jani. Mama alilikata vipande vinene, akavichoma kijiti, akavishika juu ya makaa mpaka kingo zikawa kahawia na sukari ikaanza kutoa povu dogo. Kwa nini asivifunge tu? Kwa sababu jani lina maji, na matunda yana maji zaidi. Ndani ya liboke joto halipiti sana lile la maji yanayochemka, na kwa joto hilo sukari haigeuki rangi wala haitoi ile harufu ya kuungua kidogo tunayoipenda. Liboke linalainisha, halikaangi. Ukitaka vyote viwili, unachoma kwanza, unafunga baadaye. Nimesoma mapishi mengi ya matunda ya motoni ambayo waandishi wake hawajalifikiria hili hata mara moja!

Tena kuna zawadi nyingine kwenye moto huo. Nanasi bichi hukwangua ulimi kwa sababu lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini, na ulimi wenyewe ni nyama. Joto hukiua. Kwa hiyo unakula nanasi moto mpaka sahani iishe na ulimi wako uko salama. Wale wanaokula kipande kimoja na kuacha, njooni.

Majani yenyewe ni yale mapana ya jamii ya Marantaceae yanayoota chini ya miti mikubwa, ndugu wa yale ambayo Wambuti wa Ituri huezekea vibanda vyao. Hupitishwa kwanza juu ya ndimi za moto, haraka, mbele na nyuma, mpaka yang'ae na kulegea. Jani lisilopitishwa motoni hupasuka unapolikunja, na utamu wote unaishia kwenye majivu. Matatu yanapandanishwa, kila moja likikata lingine. Katikati: Yangambi Km 5 zilizovunjwa kwa mkono, juu yake vipande vya ndizi nyeusi, juu yake nanasi, halafu tangawizi iliyopondwa kwa jiwe. Pembe zinakusanywa juu, zinafungwa kwa kamba ya gome kavu la mgomba. Linakaa juu ya makaa, si juu ya moto unaoruka. Kombokombo, mti ule mwepesi unaovamia kila shamba lililoachwa, ni mzuri wa kuwashia, lakini unateketea upesi. Makaa ya kudumu yanataka kuni nzito. Baada ya robo saa hivi nilinyoosha mkono.

"Papa, ngoja. Majani bado inalia."

Kweli yalikuwa yanalia, sauti nyembamba ya maji yanayotoka. Yaliponyamaza ndipo likatolewa. Na wakati huo, pembeni, kwenye mafiga mengine, kulikuwa na sufuria ndogo ambayo nilikuwa nimeipuuza kabisa.

Sufuria hiyo ndiyo sababu ya makala haya!

Mnajua kakao ikipasuliwa ilivyo: mbegu zimejipanga, kila moja imevikwa ute mweupe. Watoto wa mashambani wanaufyonza wakitoka shule, wakubwa wanauacha. Mbegu zinaenda kwenye sanduku au chini ya majani ya mgomba zichachuke siku tano au sita, na ute unayeyuka na kuchuruzika ardhini. Unaenda zake! Mama aliweka mbegu mbichi kwenye kikapu, kikapu juu ya sufuria, akaacha maji yadondoke, kisha akayachemsha. Hakuongeza kitu. Ute una sukari yake, una ukali wa ndimu, una pia pektini, ile inayogandisha jamu, kwa hiyo maji yalipopungua yakaanza kushika kijiko yenyewe. Rangi ya chai isiyo na maziwa. Ladha yake ni shokishoki iliyokamuliwa pamoja na limau. Chokoleti? Hata kidogo! Ladha ya chokoleti huzaliwa mbegu inapochachuka na kukaangwa. Ute haujui habari hiyo. Ndiyo maana mama alimalizia kwa mbegu chache zilizokwisha kukaushwa, akazikaanga kwenye kikaango kikavu, akazimenya, akazisaga kwa chupa na kuzinyunyiza juu. Kakao ya ute na kakao ya mbegu kwenye jani moja, moja chachu na tamu, nyingine chungu na yenye moshi!

Hebu tupige hesabu kidogo. Mwaka 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 10,000 kwenye soko la New York, na dunia nzima ikapiga mayowe kuhusu mbegu. Kuhusu ute, kimya. Brazil wanaunywa kama juisi miaka mingi. Mwaka 2019 Nestlé walitangaza chokoleti iliyotiwa utamu kwa ute huo badala ya sukari ya kawaida, na magazeti yakashangilia ubunifu. Karibuni Bengamisa, waungwana. Huku unapikwa kwa sufuria iliyobonyea.

Kula kwenyewe kukoje? Unafungua jani, mvuke unakupiga usoni, na kitu cha kwanza ni harufu ya jani, kijani, ya msitu baada ya mvua. Nanasi linatangulia, kali, lina moshi pembezoni. Ndizi nyeusi inafuata, nzito, unaitafuna. Km 5 haionekani tena lakini iko kila mahali. Halafu maji ya kakao yanapita katikati na kukata ule utamu wote, na ndiyo yaliyoniokoa, kwa sababu ndizi mbili na nanasi bila kitu kichachu zingechosha kabla ya nusu ya sahani. Chembe za mbegu zinavunjika menoni. Tangawizi inachelewa, inakuja mwishoni kooni. Nikaomba la pili. Nikapewa. Nikalamba jani, na sijutii!

Kasoro? Zipo, nisiwadanganye. Kuni zikinyeshewa, na huku zinanyeshewa, moshi unaingia mpaka ndani ya jani na matunda yanabeba ladha chungu ambayo samaki angeivumilia lakini nanasi haliwezi. Rojo la ndani ni la moto vibaya sana, mtoto asiachiwe afungue mwenyewe. Na tangawizi, kwa maoni yangu, ingepungua nusu. Wakongo wanaipenda tangawizi kupita kiasi, hilo nimelisema na nitaulizwa.

Nililinganisha pia liboke hili na wapinzani wake. Safu, lile tunda la zambarau linalolainishwa kwenye majivu ya moto, ni la heshima, lakini lina mafuta, na chumvi inalifaa zaidi. Ni mlo, si kitamu cha mwisho. Ndizi mbivu za nazi za pwani, na iliki yake, hiyo ndiyo timu ngumu. Watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, walifika hadi huku na wakaacha Kiswahili na mpunga, na ningefurahi kama wangeacha na mbuzi wa kukunia nazi kila nyumba. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua leo, Zanzibar inisamehe: ndizi za nazi ni laini mwanzo hadi mwisho, na liboke hili lina vita ndani yake.

Ukiwa mbali na msitu, jani la mgomba linatosha. Toa ule uti mgumu wa katikati, lipitishe motoni, lipandanishe mara mbili. Ukosefu wa Km 5 uzibe kwa ndizi yoyote tamu iliyoiva mpaka ina madoa. Jiko la mkaa la kibarazani linafaa kabisa. Aliyeko Minneapolis au Muscat ambaye hana kakao atumie asali na ukwaju, apate karibu nusu ya furaha.

Lakini nyinyi wa Kyela, nyinyi wa Bundibugyo, nyinyi wa Beni na Mambasa, kakao mnayo mlangoni! Siku ya kupasua, wekeni kikapu juu ya sufuria kabla hamjafikiria sanduku. Chukueni maji ya mwanzo tu, yanayodondoka yenyewe bila kukamuliwa, ute mwingine ubaki na mbegu uzichachushe. Na mchemshe mchana huo huo, kwa sababu kwenye joto letu hamira ya hewani haingoji: kufika jioni maji yameshaanza kugeuka pombe, na kesho yake yanaelekea kwenye siki.